Ng'ombe Amezaa, Miezi Inapita, Hashiki Mimba: Tafuta Kosa kwa Kuhesabu Siku

Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi. Ukitaka azae kila mwaka, zinabaki siku 85 tu tangu alipozaa mpaka anapotakiwa kushika tena. Na hizo 85 hazitumiki zote, maana siku 45 hadi 60 za mwanzo ni za kizazi kupona. Muda wa kumhimilisha, yaani kumwekea mbegu za dume kwa mrija, unakuwa kama mwezi mmoja, na joto, yaani ule wakati anaokubali kupandwa, huja mara moja kila siku 21. Likikupita joto moja, wiki tatu zimekwenda.

Mimi ni mhimilishaji. Mfugaji akiniita, swali langu la kwanza huwa: alizaa tarehe ngapi? Wengi hunijibu, "Kama miezi mitatu, minne hivi." Hapo kazi inakuwa ngumu, kwa sababu matatizo mengi ya uzazi hayaonekani kwa macho, yanaonekana kwenye tarehe. Kabla ya kufikiria sindano yoyote, kuwa na daftari. Andika siku aliyozaa, kondo la nyuma lilitoka baada ya saa ngapi, uchafu wowote uliouona ukimtoka, kila joto hata lile la mwezi wa kwanza ambalo huna nia ya kulitumia, na siku na saa ya kuhimilisha. Mengi ya yafuatayo hayatakusaidia kama tarehe hizo hunazo.

Kwanza, kawaida ni ipi?

Siku ya kuzaa kizazi kina uzito wa kilo 9 hivi. Mwezi mmoja baadaye kimesinyaa na kurudi karibu kilo 1, ingawa ukuta wake wa ndani huendelea kupona hadi wiki ya sita au ya saba. Katika wiki mbili au tatu za mwanzo hutoka uchafu wa rangi ya damu iliyoiva, unaopungua siku hadi siku na usionuka vibaya. Usiuogope.

Ng'ombe aliyelishwa vizuri hutoa yai la kwanza kati ya wiki ya pili na ya nne, na mara nyingi hufanya hivyo kimyakimya, bila dalili. Joto linalofuata ndilo huanza kuonekana. Kwa hiyo usipoona kitu siku ya 25, tulia. Ukifika siku ya 60 hujaona hata joto moja, anza kutafuta sababu siku hiyo hiyo. Usingoje ya 120.

Siku 60 zimepita, sijaona joto

Sentensi hii ina maana mbili, na kuzichanganya ndiko kunakopoteza fedha na muda. Ama ng'ombe anapata joto lakini hulioni, ama kweli ovari zake, yaani vifuko vya mayai, zimelala. Tiba ya hili si tiba ya lile. Mtaalamu akiingiza mkono na kupapasa ovari anaweza kukuambia ni lipi. Akikuta ile tezi ya manjano inayoota mahali yai lilipotokea, ujue ng'ombe wako anazunguka kama kawaida, yaani joto lake huja na kurudi kwa zamu. Kilichopungua ni macho ya binadamu.

Na mara nyingi ni macho. Joto husemwa hudumu saa 12 hadi 18, lakini kwa ng'ombe wa maziwa mengi huweza kuwa fupi zaidi, hata chini ya saa 10. Wengi huanza usiku au alfajiri, wakati kuna ubaridi na watu wamelala. Ng'ombe aliyefungwa, au aliye peke yake bandani, hana mwenzake wa kumpanda, wala wa kupandwa naye. Mwenye kwato zinazouma hapandi mwenzake. Sakafu ya saruji inayoteleza nayo huwafanya wote wakae kimya hata wakiwa kwenye joto kamili.

Fanya hivi. Amka kabla ya kupambazuka, chukua tochi, na uingie bandani kabla mtu yeyote hajasafisha. Mkute bado amelala. Mulika sakafu nyuma yake, karibu na mkia. Ng'ombe akilala, tumbo husukuma kizazi na ute hutoka. Ute wa joto ni mwangavu kama ute mbichi wa yai, unavutika kama uzi mrefu bila kukatika, na ukikauka huacha alama inayong'aa kwenye manyoya ya mkia na ya paja. Saa moja baadaye banda limeshamwagiwa maji, mkia umeshafutwa, na ushahidi wote umekwenda mtaroni. Nimewahi kuitwa kwa ng'ombe aliyesemwa "hana joto tangu azae". Nilifika mapema kuliko walivyonitarajia, nikauona ute ule ukining'inia mpaka chini. Kijana wa bandani alikuwa akiufagia kila mara. Hakuna aliyewahi kumwambia ni nini.

Baada ya ute, tazama tabia. Anayetulia akipandwa na wenzake ndiye aliye kwenye joto, wala si lazima anayepanda. Aliye peke yake atalia bila sababu, atapunguza maziwa siku hiyo, ataacha chakula, atazungukazunguka, uke utavimba kidogo na kuwa na wekundu ndani. Mwangalie kwa nusu saa kamili alfajiri na nusu saa jioni, na umchungulie tena kabla hujalala. Kumtupia jicho ukipita na ndoo hakutoshi.

Damu kidogo kwenye mkia nayo ni ya kuandikwa. Hutoka siku moja hadi tatu baada ya joto. Watu husema mimba imeharibika au kwamba hakushika, lakini damu hiyo haisemi lolote kuhusu mimba. Inasema tu joto lilikuwapo juzi. Kama hukuliona, hesabu siku 18 mbele na uanze kuamka na tochi.

Sasa tuchukue hali ya pili, kwamba mtaalamu amepapasa na kukuta ovari ndogo, laini, hazina kitu. Hapa sababu kubwa ni njaa, na neno hilo huwaudhi wafugaji kwa sababu wanajua wanalisha. Ni njaa ya aina yake. Maziwa hufika kileleni wiki ya nne hadi ya nane baada ya kuzaa, wakati hamu ya kula hufika kileleni baadaye, karibu wiki ya kumi. Katikati hapo ng'ombe anatoa zaidi ya anachoingiza, na tofauti anailipa kwa mafuta ya mwili wake. Mwili ukishajua uko kwenye deni, ubongo hupunguza homoni zinazokomaza yai. Unalinda ndama aliyepo na kumwahirisha ajaye.

Mpime kwa mkono. Weka kiganja juu ya kiuno, kwenye zile mbavu fupi kati ya nyonga na mbavu za kifua. Ukihisi ncha zake moja moja kama meno ya kitana, bila tabaka lolote juu yake, amekonda. Kwa kipimo cha unono cha 1 (mifupa mitupu) hadi 5 (mnene kupita kiasi), anatakiwa azae akiwa 3 au zaidi kidogo, na asipoteze zaidi ya alama moja baada ya hapo. Aliyeshuka chini ya 2.5 huchelewa kurudi kwenye joto, na hata akirudi hushika kwa shida.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba kosa hili hutendeka miezi mitatu kabla halijaonekana. Katika ile miezi miwili ya kumkausha maziwa kabla ya kuzaa, wengine humsahau kabisa, azae akiwa mifupa. Wengine humnenepesha kupita kiasi, na huyo naye ana taabu yake: aliyezaa akiwa mnene sana hukosa hamu ya kula, huyeyusha mafuta kwa kasi, ini hulemewa, na anakonda haraka kuliko mwenzake. Chakula cha nguvu kianze kidogo kidogo wiki mbili au tatu kabla ya kuzaa ili tumbo lizoee, kisha kiongezwe taratibu baada ya kuzaa. Ukikirundika ghafla tumbo huchachuka, na ataacha kula hata majani. Maji yawepo mchana na usiku, kwani anahitaji lita 3 hadi 5 kwa kila lita ya maziwa anayotoa. Sijawahi kuona chakula bora kikifanya kazi mbele ya ndoo tupu.

Kunyonyesha ni sababu nyingine ya ovari kulala, hasa kwa ng'ombe wenye damu ya zebu, wale wa nundu. Ndama anayeshinda na mama yake huzuia homoni za yai, na si kwa sababu ya maziwa anayonyonya tu. Kule kumwona na kumnusa pia kunahusika. Mtenge, anyonye kwa muda mfupi mara mbili kwa siku baada ya kukamua.

Na hapa ndipo nisemapo habari ya "sindano ya joto". Ile inayotumika zaidi, prostaglandini, kazi yake ni kuyeyusha tezi ya manjano. Kwa ng'ombe anayezunguka bila kuonekana, hufaa sana: joto huja siku ya 2 hadi ya 5 baada ya sindano, nawe unajua ni siku zipi za kukesha. Kwa ng'ombe aliyekonda na ovari tupu, haina cha kuyeyusha. Utalipa, utangoja, hutaona kitu. Na kwa mwenye mimba usiyoijua, itaitoa. Ndiyo maana asidungwe kabla hajapapaswa. Dawa hii hupenya kwenye ngozi. Wajawazito na wenye pumu wasiishike.

Anatoa uchafu unaonuka, au usaha

Turudi nyuma kwenye saa za kuzaa. Kondo la nyuma hutoka lenyewe, kwa kawaida ndani ya saa 12. Likipita saa 24, limekwama. Usilivute. Usilifungie jiwe wala tofali ili uzito ulishushe. Bado limeshikamana na kizazi kwa vifundo vingi, na ukilazimisha unachana nyama hai na kufungulia vijidudu mlango. Kata kinachoburuza chini ili asikikanyage, mpime joto la mwili kila siku kwa siku 10, na angalia kama anakula. Joto la mwili likizidi nyuzi 39.5 au akiacha kula, mwite daktari wa mifugo siku hiyo. Uchafu mwembamba kama maji, wa rangi nyekundu au kahawia, unaonuka vibaya katika siku 10 za mwanzo ni maambukizi ya kizazi chote, na huweza kuua.

Baada ya siku ya 21 sura hubadilika. Ng'ombe anakula, anakamuliwa, anaonekana mzima, ila akilala hutoka usaha mweupe au wa njano. Wakati mwingine ni punje chache tu ndani ya ute wa joto. Ute ukiwa na punje hizo usimhimilishe, hata kama joto ni zuri. Muite mtaalamu amtibu, kisha subiri joto linalofuata. Tena joto lenyewe husafisha kizazi, kwa sababu mlango hufunguka na kinga huongezeka, na ndiyo sababu daktari mara nyingi huchagua kumletea ng'ombe joto kwa sindano badala ya kumpa dawa ya kuua vijidudu peke yake.

Kuna mmoja hudanganya sana: haoneshi joto, tumbo linajaa, mwenyewe anafurahi akidhani ni mimba. Kumbe kizazi kimejaa usaha na tezi ya manjano imekataa kuondoka. Bila kupapaswa hujui.

Chanzo cha kondo kukwama ni mara nyingi uzazi mgumu, mapacha, homa ya maziwa (kalsiamu kupungua mwilini wakati wa kuzaa), au upungufu wa seleni na vitamini E. Lakini mimba ikitoka kabla ya wakati, hasa miezi ya mwisho, na kondo likakwama, fikiria brusela kwanza. Ugonjwa huu humwingia binadamu. Usishike kondo wala ndama aliyekufa kwa mikono mitupu, fukia au choma, mbwa wasifike, chemsha maziwa, na ng'ombe apimwe damu kabla ya kupelekwa kwa dume lolote.

Joto linakuja hovyo

Sehemu hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa mwenye daftari. Hesabu siku kati ya joto moja na jingine.

Siku 18 hadi 24 ni mzunguko wa kawaida. Kama alihimilishwa na akarudi ndani ya siku hizo, ama yai halikurutubishwa, ama kiinitete, yaani mimba changa, kilikufa mapema sana.

Siku 25 hadi 35 huashiria kwamba alishika, kisha kiinitete kikafa baada ya mwili kuanza kukitambua. Au mojawapo ya tarehe zako si ya kweli.

Siku 36 hadi 48, mara nyingi kuna joto moja katikati ambalo hukuliona.

Chini ya 18, mojawapo halikuwa joto, au ovari ina uvimbe wa maji. Isipokuwa ni mzunguko wa kwanza baada ya kuzaa. Huo huwa mfupi kwa kawaida, na haudhuru.

Nikuoneshe kwa mfano wa daftari moja nililoletewa. Ng'ombe alihimilishwa Machi 3, Machi 14 na Aprili 4, na mwenyewe alikuwa ameshaamua kumuuza kwa kuwa "amekataa mara tatu". Hesabu nasi. Machi 3 hadi 14 ni siku 11. Machi 14 hadi Aprili 4 ni siku 21 kamili. Kumbe joto la kweli ni la Machi 14 na la Aprili 4. La Machi 3 halikuwapo. Nilipouliza, siku ile alikuwa akiwapanda wenzake, yeye mwenyewe hakutulia kupandwa. Kuhusu Machi 14, dalili zilianza jana yake asubuhi na mbegu zikawekwa jioni ya siku ya pili, saa zaidi ya 30 zimepita. Katika "mara tatu" zile, iliyokuwa na nafasi ya haki ni ya Aprili 4 peke yake, na siku 21 zake zilikuwa hazijatimia tulipokuwa tukizungumza. Nilimsihi asimuuze.

Uvimbe wa maji kwenye ovari una sura mbili. Wengine huonesha joto kila baada ya siku chache, wanapanda kila kitu, na mishipa ya shina la mkia hulegea mpaka mfupa unachomoza juu. Wengine hukaa kimya kabisa, ukadhani ovari zimelala. Zamani ulipasuliwa kwa mkono; usikubali, huacha damu na makovu. Daktari ana homoni za kuutibu.

Joto safi, kila siku 21, lakini hashiki

Akifika mara tatu au zaidi kwa hali hiyo, uliza swali moja kabla ya yote: ni yeye peke yake, au na wenzake? Akiwa peke yake, tafuta kwake. Wakiwa wengi, mwache ng'ombe. Kosa liko kwa mbegu, kwa dume, kwa anayehimilisha, kwa anayetazama joto, au kwenye chakula.

Saa ndizo hukosewa zaidi. Yai hutoka saa 24 hadi 32 baada ya ng'ombe kuanza kutulia akipandwa, na huishi saa chache tu. Mbegu huhitaji muda kidogo kukomaa ndani ya kizazi na huishi kama siku moja. Ndiyo kanuni ya zamani: aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni, aliyeonekana jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi. Mhimilishaji anayefika bila kukuuliza "ulimwona saa ngapi?" anabahatisha, na ninasema hivyo nikiwa mhimilishaji.

Mbegu zenyewe hukaa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi ukipungua bila kujazwa, zimekufa hata kama mrija uliozibeba unaonekana mzima. Kuyeyusha kufanyike kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 45, na pawe na kipimajoto. Mfukoni au kwapani si mahali pake. Kisha ziachwe pale tu shingo ya kizazi inapoishia, zisisukumwe ndani zaidi. Wewe kama mwenyewe una haki ya kusimama karibu na kuangalia.

Unatumia dume, na wengi wanarudi kwenye joto kwa pamoja, baadhi kwa siku zisizo za kawaida? Dume linaweza kubeba trikomonasi au kampilobakta, vijidudu vya njia ya uzazi, bila kuonesha dalili yoyote. Lisimamishwe na lipimwe. Dume la kuazimana ndilo husambaza haya.

Jua kali nalo huua kiinitete katika siku za mwanzo. Majira ya joto kali, kivuli na maji vina thamani kuliko dawa, hasa wiki ya kwanza baada ya kuhimilisha. Usimtembeze masafa marefu kwenda kuhimilishwa, wala usimchape akiwa njiani. Madini, yaani fosforasi, shaba, zinki, iodini na seleni, yawepo kila siku kwenye chakula au jiwe la kulamba, lakini usitarajie jiwe limfanyie kazi ng'ombe mwenye njaa.

Hajarudi kwenye joto. Ameshika?

Huenda. Kutoonekana kwa joto siku ya 21 hakuthibitishi mimba, kwa sababu zile zile za macho na tochi. Kwa mashine ya mawimbi ya sauti mimba huonekana kuanzia siku ya 30 hivi. Kwa mkono, mpapasaji mzuri huwa na hakika kati ya siku ya 45 na 60. Mpimishe. Kugundua siku ya 45 kwamba yuko mtupu kunauma, ila bado una nafasi. Kugundua mwezi wa saba hakuna nafuu.

Na wapo wachache wenye mimba ambao huonesha joto. Anapanda, analia, hata kutulia anatulia. Ukimhimilisha huyo, mrija ukipita kwenye shingo ya kizazi unaweza kuivunja mimba iliyokuwa salama. Kwa hiyo aliyehimilishwa zaidi ya siku 30 zilizopita akionesha joto leo, mhimilishaji ampapase kwanza. Akihisi shingo imekaza, ute ni mzito unaonata badala ya kuvutika, mrija wa mbegu ubaki mtungini bila kuyeyushwa, mpaka mimba ipimwe.